Dereva wa Theluji Aliyekatiwa Maneno

Jua bado halijachomoza, na Marlys Engebretson ameshamaliza barabara mbili. Gari lake la kusukuma theluji linapanda mlima wa kanisa kwa gia ya pili, likiunguruma, huku beleshi lake kubwa la chuma likirusha theluji pembeni kama unga wa mfuko uliopasuka.

"Hapa shika kiti vizuri," anamwambia mwandishi aliyeketi kando yake. "Kuna kona, na chini ya hii theluji kuna barafu. Nikikuua, karani wa kata atanijazisha fomu kurasa nne."

Ana miaka 58. Kazi hii ameifanya kwa majira ya baridi kumi na tisa katika kata ya Skogdal, magharibi mwa Wisconsin. Maili 38 za barabara ziko mikononi mwake peke yake, kwa dola 24 kwa saa. Theluji ikianguka siku tatu mfululizo, analala kwenye kochi na buti miguuni.

Akimaliza barabara za kata, huwa anachukua gari lake dogo lenye beleshi na kuwafungulia njia wazee sita wasioweza tena kushika koleo. Hiyo hailipwi na mtu. Wengine humpa kahawa, wengine lefse, ile chapati ya viazi, ikiwa imefungwa kwenye taulo ingali moto.

Mwaka jana, kati ya wazee hao sita, watano walimwambia asirudi tena.

Ilianzia kwenye mkutano wa wananchi, Septemba, katika ukumbi wa kata. Ajenda ilikuwa gari la wagonjwa. Kituo cha gari hilo kilikuwa hatarini kufungwa, na kikifungwa, mgonjwa wa Skogdal angesubiri gari la kutoka mji wa pili, dakika 43 siku ambayo barabara ni nzuri. Marlys, ambaye hakuwahi kuzungumza hadharani maishani mwake, alinyanyuka na kuongea kwa dakika nane.

Katikati ya maneno yake alisema hivi: "Wapo wanaosema wazee waachwe wajihangaikie wenyewe, hawana faida tena kwa kata hii. Mimi nasema, mtu anayesema hivyo hajawahi kukaa sakafuni na mama yake mapajani akisikilizia gari la wagonjwa."

Nyuma yake, kwa bahati tu, alikuwa ameketi mgombea wa ubunge wa jimbo, akifuatwa na kamera ya wapinzani wake.

Wiki tatu baadaye tangazo likatokea kwenye televisheni. Uso wa Marlys ulijaa kioo, jaketi lake la kazi, nywele zake za mvi zimebanwa nyuma. Alisema kwa sauti yake mwenyewe: "Wazee waachwe wajihangaikie wenyewe, hawana faida tena kwa kata hii." Kisha picha ikamsogelea mgombea aliyeketi nyuma, na sauti nzito ikauliza: "Hawa ndio marafiki zake. Je, utamchagua?"

Sekunde saba. Kabla ya taarifa ya habari, katikati ya mpira, baada ya utabiri wa hali ya hewa.

"Nilikuwa nakaanga mayai," anasema Marlys. "Nikasikia sauti yangu sebuleni. Nikafikiri nimepata wazimu. Mayai yakaungua, nikabaki nimesimama tu."

Akapiga simu makao makuu ya chama kilichotoa tangazo. Hakuna aliyempigia tena. Akapiga simu kwenye kituo cha televisheni. Wakamwambia wamelipwa kulirusha.

Kisha chama cha pili, cha mgombea yule aliyeketi nyuma, kikamtafuta. Kijana mwenye sauti ya upole alimwomba arekodi tangazo lao, aeleze alivyoonewa. Marlys alikataa. Alitaka kuachwa tu. Siku nne baadaye, kila sanduku la barua Skogdal lilikuwa na kipeperushi chenye picha yake akicheka, picha ya sherehe ya kanisa, na maandishi makubwa: "Marlys anamchagua mtu wetu. Na wewe?"

Akampigia yule kijana.

"Mimi sijakwambia namchagua nani!"

"Mama, samahani sana, lakini picha ilikuwa hadharani. Na kwani si tunakusaidia?"

"Nani kakuomba msaada?"

"Mama, wenzetu wamekufanyia ubaya. Sisi tumekufanyia wema."

"Nilikata simu," anasema Marlys, akibadili gia. "Ningeendelea, ningetukana. Yule mtoto alikuwa anaamini kabisa anachokisema, ndiyo iliyonikata maini."

Dukani watu waligeuza nyuso. Mtu aliandika neno chafu kwa kidole kwenye vumbi la gari lake. Na Arvid Tollefsrud, mmoja wa wale watano, mkulima mstaafu wa miaka 83, jirani yake kwa miaka arobaini, mtu aliyemfundisha kuendesha trekta alipokuwa msichana, alifunga mnyororo kwenye njia ya kuingia kwake.

"Nitajihangaikia mwenyewe, kama ulivyotushauri," alimwambia.

"Mzee Arvid, wameyakata maneno yangu."

"Nimekuona kwa macho yangu mawili, Marlys. Mdomo ulikuwa wako."

Uchaguzi wa Novemba ulipofika, Marlys alipita mbele ya kituo cha kura mara mbili na hakusimama. Ilikuwa mara ya kwanza kukosa kupiga kura tangu atimize miaka kumi na minane. Aliyetoa tangazo la sekunde saba alishinda. Waliotoa kipeperushi walishindwa. Marlys anasema siku hiyo hakusikia furaha wala uchungu.

Januari, baridi ilishuka hadi nyuzi ishirini chini ya sifuri. Asubuhi moja Marlys alipita kwa Arvid na kuona magazeti ya siku mbili yametokeza kwenye sanduku lake la barua. Bomba la moshi halikuwa likitoa moshi.

Aliacha gari la kata barabarani likiwaka taa, akaruka mnyororo, akakimbia kwenye theluji iliyomfika magotini. Alimkuta mzee sakafuni, nyuma ya mlango, amejifunika zulia. Alikuwa ameteleza jana yake akiingiza kuni.

"Nani kakwambia uingie?" Arvid alimuuliza. Midomo yake ilikuwa ya bluu.

"Hakuna. Nyamaza nikufunike."

"Toka kwangu."

"Nitatoka wakija kukubeba. Kwa sasa nipe mikono yako, iweke hapa kwapani. Haya, weka, usinionee haya uzeeni."

Gari la wagonjwa aliloliita Marlys kwa simu lilifika kwa dakika kumi na moja. Daktari alisema baadaye kwamba dakika 43 zingekuwa habari nyingine.

Arvid aliporudi nyumbani kutoka hospitalini, akitembea kwa fimbo, Marlys alimpelekea supu. Safari hii hakuja peke yake. Alifuatana na Delphine Kubiak, karani wa kata, mwanamke mfupi asiyependa mchezo na kumbukumbu zake. Delphine hurekodi kila mkutano tangu mwanzo hadi mwisho kwa kinasa sauti kidogo, apate kuandika muhtasari. Alikiweka kinasa hicho mezani, kati ya bakuli la supu na chupa ya dawa.

"Mzee, hii ni dakika nane," alisema. "Ukichoka, vumilia."

Walisikiliza watatu, jikoni. Marlys aliangalia dirishani muda wote. Sauti yake ilipofika kwenye yale maneno, Arvid aliacha kula. Ilipoendelea mbele, pale kwa mama yake mapajani, mzee aliweka kijiko chini.

"Rudisha," alisema.

Delphine akarudisha.

"Rudisha tena."

Baada ya mara ya tatu Arvid alivua miwani. "Nimekujua miaka arobaini," alimwambia Marlys. "Nikaamini sekunde saba za watu nisiowajua." Akasogeza bakuli pembeni. "Mama yako ndiye uliyekuwa unamzungumzia?"

"Ndiye."

"Nilibeba jeneza lake."

"Najua, mzee. Ulikuwa mbele kushoto."

Marlys anaposimulia hapa anapunguza mwendo wa gari, ingawa mbele hakuna kona.

Kura ya maoni kuhusu gari la wagonjwa ilikuwa imepangwa Aprili. Kila nyumba ingeongezewa kodi ya dola 68 kwa mwaka, au kituo kifungwe. Jikoni humo Arvid akatangaza kwamba yeye na kura wameachana. Marlys akasema hata yeye.

"Vizuri," Delphine akajibu, akikusanya vitu vyake. "Basi Aprili nitapiga mimi na paka wangu. Na paka hapendi kodi."

Walicheka, lakini Delphine hakuwa anatania sana. Skogdal ina wapiga kura 640. Kura ya maoni iliyotangulia ilipigwa na watu 97. Watu walikuwa wamechoka. Walikuwa wakichana vipeperushi bila kuvisoma na kuzima televisheni kila walipoona bendera.

Jumamosi iliyofuata Marlys alianza kugonga milango, kinasa cha Delphine mfukoni. Arvid alifuatana naye kwa fimbo yake, nyumba baada ya nyumba, wiki sita. Katika kila mlango mzee alitangulia kusema, kofia mkononi: "Mimi nilimtukana huyu mama kwa jambo ambalo hakulisema. Nilikosea. Kama una dakika nane, msikilize."

Wapo waliofunga mlango. Wapo waliosikiliza wamesimama kizingitini, na wapo waliowaingiza ndani na kuwakatia keki. Mwanamke mmoja alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema bado ataipinga kodi.

"Ni haki yako," Marlys alimjibu.

"Lakini sasa nakupinga wewe," yule mama akasema. "Kabla yake nilikuwa nampinga mtu wa kwenye televisheni." Wakapeana mikono.

Marlys hakumwambia mtu yeyote achague nini. "Nimesemewa vya kutosha," anaeleza. "Nisingeweza kwenda kuwasemea wengine." Alikuwa na swali moja tu, na daftari la kuandikia jibu: "Siku ya kura, nikufungulie njia saa ngapi?"

Watu walicheka. Aprili theluji huwa inakwisha.

Siku ya kura theluji ilianguka inchi kumi na tano. Shule zilifungwa. Nguzo za umeme zilianguka upande wa mashariki. Delphine alifungua ukumbi saa moja asubuhi, akawasha jiko, akakaa na wasaidizi wake wawili mbele ya sanduku tupu la kura, na wote watatu hawakutazamana.

Marlys alikuwa barabarani tangu kabla ya mapambazuko, daftari limebandikwa kwenye dashibodi. Saa mbili, familia ya bondeni. Saa mbili na robo, wale dada wawili wajane. Saa tatu, Arvid. Hakuwa na wakati wa kwenda ukumbini kuona kama kuna mtu anafika. Kila alipofungua njia aliona taa za gari zikiwashwa nyuma yake, akaendelea mbele.

Saa saba mchana alimaliza maili ya mwisho na kushuka mlima wa kanisa kuelekea ukumbini. Hapo alisimamisha gari.

Magari yalikuwa yamepangwa pande zote mbili za barabara, hadi darajani. Matrekta kumi na mawili. Watu wawili walikuja juu ya farasi. Mstari ulitoka mlangoni, ukazunguka ukumbi, watu wakipigapiga miguu kwenye theluji na kupokezana kahawa. Mwanamume mwenye kofia ya chama hiki alikuwa akisukuma gari lenye kibandiko cha chama kile, limekwama mtaroni, na dereva wake akimpigia kelele: "Sukuma, we mvivu! Kama mnavyosukuma nchi!" Na yule akijibu: "Mimi nikiacha utalala hapa mpaka Mei!"

"Nilizima injini," anasema Marlys. "Sikuweza kushuka. Nimeishi hapa maisha yangu yote, na sikujua kwamba tuko wengi hivi."

Aliposhuka, mstari wote ulimgeukia. Mtu wa mbele akasogea kumpisha mlangoni. Marlys akatikisa kichwa, akaenda kusimama nyuma kabisa. Alisubiri saa moja na dakika ishirini. Mbele yake mzee mmoja alivua glavu zake, akampa, kwa kuwa za Marlys zilikuwa zimelowa.

Delphine anakumbuka kwamba sakafu ya ukumbi ilikuwa ziwa la theluji iliyoyeyuka, na kwamba hakuna aliyepaza sauti. "Nimekuwa karani miaka ishirini na mbili," anasema. "Siku ile nilikuwa nikiwapa watu karatasi na kushindwa kuwatazama usoni, nisije nikalia kazini."

Walipiga kura watu 511. Waliokubali kodi walikuwa 298, waliokataa 213. Kituo kimebaki.

Sekunde saba nazo zimebaki. Ziko mtandaoni hadi leo, na hakuna aliyeomba radhi. Mjukuu wa Marlys anayesoma chuo mji mwingine alionyeshwa na wenzake mwezi uliopita, akampigia bibi yake simu akilia. Marlys alimtumia rekodi nzima. Hajui kama wale wenzake waliisikiliza.

Sasa kumepambazuka. Marlys anaegesha gari kwenye uwanja wa kata, anatoa begi nyuma ya kiti. Ndani yake kuna kitabu kinene chenye picha za mishipa na mifupa. Jumanne na Alhamisi jioni anahudhuria mafunzo ya wahudumu wa gari la wagonjwa, saa 180 kwa jumla. Kituo kimenusurika, lakini kina upungufu wa watu wa kukiendesha. Darasani wenzake wote wangeweza kuwa wanawe. Mtihani ni Februari.

"Mara ya mwisho kufanya mtihani nilikuwa na miaka kumi na minane," anasema. "Mapigo ya moyo nayaweza. Majina ya mifupa ya mkono yananitoa jasho. Arvid ananiuliza maswali kila Jumapili, na yeye mwenyewe hawezi kuyatamka."

Akishindwa, atarudia. Akifaulu, ataanza zamu Machi, akitoka kwenye theluji.

"Kuna mtu mmoja huku bondeni hajaniamkia mpaka leo. Nilimpelekea rekodi, akaniambia imetengenezwa." Anapachika begi begani. "Siku moja atapiga simu, mkewe ameanguka au yeye mwenyewe. Nataka mlango ukifunguliwa, niwe mimi. Sitamuuliza kitu. Nitamuuliza tu anaumia wapi."