Mwindaji Aliyevaa Kisutu

Mbaruku alikuwa na koti moja tu la kuwindia, na ndani ya koti hilo alijiona mtu miongoni mwa watu. Lilikuwa kabuti la askari wa enzi za Mwingereza, lililovaliwa na walinzi watatu wa mashamba ya mkonge kabla ya kumfikia yeye. Rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka. Mwenyewe alisema ni rangi ya udongo; mkewe Zamda alisema ni rangi ya uchafu, na kwa kweli hakuna aliyekosea.

Kila alipotaka kwenda porini alilipaka tope la mtoni, akachomeka majani makavu kwenye matundu, kisha akalifukiza moshi wa mavi ya ng'ombe ili lisinuke binadamu. Akimaliza, mbuzi wa jirani walikuwa wanamfuata kwa nyuma wakimtafuna pindo. Naye hakukasirika. Aliona ni sifa.

"Mnyama akikuona kabla hujamwona," alipenda kusema, "rudi nyumbani ukapalilie."

Kijiji kizima cha Magoma kilijua visa vyake. Siku moja Bibi Chausiku alikwenda kuokota kuni, akaona tawi kavu zuri limejitokeza kichakani, akalishika na kulivuta. Tawi likasema, "Shikamoo, bibi." Bibi Chausiku hajaitikia marahaba mpaka leo. Mzigo wake wa kuni ulilala porini siku tatu kwa sababu hakuna mjukuu aliyekubali kwenda kuufuata. Kijiji kilicheka, na Mbaruku alicheka kuliko wote, akarudia kisa hicho kila penye kahawa.

Aliyekuwa hacheki ni Zamda. Mbaruku alimwoa akiwa mjane. Mume wake wa kwanza, Sadala, alitoka asubuhi kwenda kwenye msako wa nguruwe upande wa Mashewa, akarudishwa mchana juu ya kitanda cha kamba. Mwenzake alikuwa amemdhania nguruwe. Siku ya kumposa Zamda, Mbaruku alitaka kumtoa wasiwasi, akajisifu mbele ya wazee kwamba yeye hata Izraili akija na taa hatamwona. Wazee waliguna. Zamda alikubali kuolewa, lakini maneno yale hakuyapenda, na aliyaweka moyoni.

Basi ikaja ile amri ya watu wote kuhamia vijijini. Nyumba zilizokuwa zimetapakaa mabondeni zikakusanywa, zikapangwa mstari kama mihogo shambani, na kijiji kikapata mwenyekiti, Ndugu Hiza, na shamba la ujamaa la ekari nyingi za mahindi. Kabla ya hapo nguruwe pori walikuwa wanahangaika usiku kucha, mara kwa huyu, mara kwa yule. Sasa mahindi yote yalikuwa mahali pamoja. Nguruwe waliupokea Ujamaa kwa mikono miwili.

Mwenyekiti akaitisha msako. Kijiji kilikuwa na magobore mawili tu. Moja la Mbaruku, jingine la Semboja, Msambaa aliyeshuka kutoka milimani na kuhamishiwa pale na familia yake. Semboja alikuwa mwimbaji wa kwaya kanisani, mtu wa mikono hodari na macho hafifu, ila habari ya macho hakutaka kuisikia. Alisema miwani ni ya makarani. Yeye na Mbaruku walitaniana tangu siku ya kwanza walipokutana. Mbaruku alimwita mla nguruwe, Semboja alimwita mlinzi wa nguruwe asiyelipwa mshahara.

Siku ya msako vijana na kina mama walisimama chini bondeni wakipiga madebe, na wenye magobore wakakaa juu, kila mmoja kichakani kwake. Mbaruku alijibanza kwa ustadi wake wote. Alijibanza hata panzi akamtua puani. Mguu ukafa ganzi, akajisogeza kidogo. Semboja aliyekuwa ng'ambo ya pili aliona kitu cheusi cheusi kinatikisika chini ya majani, akafyatua.

Gololi zilipita kwenye mkia wa koti, zikatoka na pande kubwa kama kiganja. Semboja akaruka kutoka kichakani akipiga kelele, "Wangu huyo! Wangu!" maana desturi ya wawindaji ni kwamba anayemtoa mnyama damu ya kwanza ndiye mwenye paja. Alipofika akamkuta mnyama amelala kifudifudi anasoma shahada.

Akamgeuza, akampapasa, akaona ni mzima. Akakaa chini. Kisha utani ukamjia, maana bila utani angelia.

"Paja langu hata hivyo nalitaka, mtani. Desturi ni desturi."

"Lichukue," alisema Mbaruku, "lakini ni gumu, utalichemsha mpaka Krismasi."

Walirudi kijijini wanacheka wameshikana mabega. Mbaruku akamweleza mkewe kisa kizima, akaigiza hata ile sauti ya "Wangu!" Zamda alikuwa anachambua mchele. Akauweka ungo chini.

"Baba Amne," alisema, akimwita kwa jina la binti yao aliyekwisha olewa, "mimi nimekaa eda mara moja kwa ajili ya nguruwe. Mnyama ambaye hata kuliwa haliwi! Angekuwa swala ningesema sawa, watu wamepata kitoweo. Sikai eda ya pili. Siku nyingine ukiingia porini na hilo koti, mimi utanikuta Masuguru kwa kaka yangu."

Mbaruku alidhani ni hasira za jioni, zitapoa na chai ya asubuhi. Hazikupoa. Na kumbe habari zilikuwa zimemfikia mwenyekiti, ambaye hakutaka kwenda wilayani kueleza jinsi kijiji chake kinavyopunguza wananchi badala ya nguruwe. Akatoa agizo mkutanoni: msako ujao kila mwindaji avae kitu chekundu.

"Ndugu Mwenyekiti," Mbaruku alisimama, "tunakwenda kuwinda au tunakwenda kwenye sherehe? Nguruwe atatuona tangu Mombo!"

"Akuone," alisema Hiza. "Nguruwe hana gobore."

Shida ilikuwa nguo yenyewe. Duka la kijiji lilikuwa na chumvi, viberiti na marobota ya kitambaa cha kaki. Semboja akapata ruhusa ya kuvaa joho lake la kwaya, jekundu la kung'aa. Zamda alifungua sanduku, akatoa kisutu chake, ile kanga nyekundu ya harusi yenye nyeusi na nyeupe yake, aliyopewa na Mbaruku siku ya ndoa na ambayo hakuwahi kuivalia kazi yoyote. Akamfunga mumewe begani kwa mkono wake mwenyewe, akalikaza fundo.

Mbaruku alipita katikati ya kijiji amevaa kisutu, na wanawake wakampigia vigelegele. Mmoja aliuliza bwana harusi ni nani. Alijisikia kama jogoo aliyenyonyolewa akiwa hai. Alipofika korongoni, mahali ambapo hakuna macho, alikivua kisutu, akakikunja vizuri, akakitia mkobani, akavaa kabuti lake alilokuwa amelificha chini ya jiwe tangu alfajiri. Akashusha pumzi. Siku hiyo hawakupata nguruwe hata mmoja, naye akasema joho la Semboja ndilo lililowafukuza. Aliporudi korongoni akabadilisha tena, akaingia nyumbani na kisutu begani kama mtu mwema.

Zamda alikipokea. Akakikunjua, akakigeuza huku, akakigeuza kule, akakipitishia kiganja polepole tangu pindo la juu mpaka la chini.

"Ulivaa?"

"Si umeniona nimekivaa?"

"Porini, ulivaa?"

"Nilivaa, mke wangu. Nimechekwa mpaka basi."

Zamda hakubisha. Kila anayepita Magoma majira yale ya mwaka anajua kwamba huwezi kutembea hatua ishirini nje ya njia bila kurudi na vishonanguo, zile mbegu nyembamba nyeusi zinazong'ang'ania nguo mpaka uzing'oe mojamoja. Kwenye kisutu hakikuwamo hata kimoja. Kilikuwa safi kama kilivyotoka sandukuni. Zamda akakitandika juu ya kitanda, akafunga nguo zake mbili, akatoka. Mwanamume mwenye akili zote za kumdanganya nguruwe alishindwa kumdanganya mwanamke aliyewahi kufua nguo.

Siku za kwanza Mbaruku alijitia ukali. Alipika ugali wake, ukatoka na madonge, akaula akisema mtamu. Siku ya nne alichoka kuongea na sufuria. Nyumba ilikuwa kimya, na kimya kile kilimuuma kuliko vigelegele vya wanawake wote wa kijiji. Alimpenda Zamda, basi tu. Hakuwahi kumwambia kwa sababu hakuona haja ya kusema jambo ambalo analijua mwenyewe.

Ndipo shetani akamletea fikra. Vishonanguo si vimejaa nyuma ya choo? Akachukua kisutu, akatazama kushoto na kulia, akainama na kukisugua kwenye majani. Vikanasa vitano sita. Akasugua tena, kisha mkono ukamgomea. Alijiona alivyo: mtu mzima mwenye mvi anatapeli kanga nyuma ya choo. Akaona haya, ingawa hapakuwa na mtu ila kuku.

Jumamosi kulikuwa na msako mwingine. Mbaruku aliliacha kabuti msumarini. Alivaa kisutu kwa kweli, begani na kiunoni, akaingia nacho kichakani na kukaa. Aliona ajabu kukaa vile, mwekundu katikati ya majani mabichi. Madebe yakaanza kulia bondeni. Ng'ambo, joho la Semboja liliwaka juani. Mbaruku aliona mtutu wa lile gobore ukiinuka, ukamwelekea yeye moja kwa moja, ukasimama, halafu ukashuka. Baada ya kitambo ukainuka tena, ukamwelekea, ukasita, ukashuka. Jasho lilimtoka mpaka kwenye vidole vya miguu.

Kisha nguruwe akaja. Dume kubwa, lilitokea hatua kumi mbele yake, likainua uso na kumtazama. Mbaruku alijua kazi imekwisha. Lakini upepo ulikuwa unatoka kwa nguruwe kuja kwake, na yeye alikuwa ametulia tuli. Nguruwe akamtazama yeye na kisutu chake chote, hakuona la maana, akainamisha kichwa akaendelea kufukua. Mbaruku nusura atukane. Miaka thelathini ya tope! Miaka thelathini ya kujificha machoni pa mnyama anayetafuta adui kwa pua! Waliokuwa hawamwoni siku zote hizo walikuwa ni watu.

Akafyatua. Dume lilikwenda chini. Semboja alipofika akashangilia na kulikagua kwa jicho la mpishi. Mbaruku hakuligusa hata kwa ncha ya kiatu.

"Mtani," alimuuliza Semboja, "uliniona?"

"Mara ya kwanza niliona kitu kinatikisika. Kidole kikaenda. Halafu nikaona wekundu, nikasema huyu bibi harusi." Semboja akapangusa macho kwa pindo la joho. "Na mara ya pili vilevile. Nitakwenda kupimwa macho, usimwambie mtu."

Mbaruku hakurudi nyumbani. Alipanda lori lililokuwa linateremka Korogwe na magunia, vilevile alivyo. Abiria walimuuliza harusi iko wapi. Utingo alimsogezea gunia akamwambia, "Kaa bibi, usichafuke." Alipoteremka alitembea kwa miguu mpaka Masuguru, na kila alipopita watu waliacha walichokuwa wakifanya. Hakujifunika, hakuchepuka njia ya uchochoroni. Shemeji yake Mwinjuma alimwona tangu mbali, akaita ndani, "Zamda! Njoo umwone mumeo kabla sijamfukuza!"

Zamda akatoka. Mbaruku akasimama mbele yake, akasema yote kwa mkupuo mmoja: korongo, jiwe, mkoba, hata habari ya choo hakuificha. "Vitano sita hivi ni vya nyuma ya choo," alisema, akionyesha kwa kidole. "Vilivyobaki ni vya haki."

Mwinjuma alicheka mpaka akashika nguzo. Zamda hakucheka. Alimkalisha mumewe kwenye mkeka, akaanza kung'oa vishonanguo mojamoja na kuviweka kiganjani.

"Semboja alikuelekezea bunduki?"

"Alielekeza."

"Mara ngapi?"

Mbaruku alitaka kusema mara moja. "Mara mbili," akasema.

Vidole vya Zamda vilisimama. Machozi yalimtiririka wala hakuyafuta, na Mwinjuma akaacha kucheka, akaingia ndani.

"Siku ile anatoka Sadala," alisema Zamda, "nilikuwa na kisutu kama hiki. Alipita mlangoni nikamwona na nguo yake ya kaki. Nilikuwa nacho sandukuni, Baba Amne. Nilikuwa nakitunza kisichafuke."

Mbaruku akaushika mkono wake wenye vishonanguo, akakaa nao hivyo hivyo.