Majani Yaliyoficha Mtumbwi

Uhuru ulikuwa bado mbichi wakati askari na waasi walipoanza kupokezana Uvira. Kila upande ulinyang'anya mitumbwi, kwa hiyo baba, mvuvi wa Kalundu, alifanya kama wenzake: aliujaza wetu mawe, akauzamisha kwenye matete nyuma ya nyumba. Siku ya kukimbilia Burundi, ng'ambo ya ziwa, tungeuibua. Hatukuwa na njia nyingine ya kutoka.

Kisha yakaja majani yanayoelea, yenye maua ya zambarau. Mama aliyapenda. Baba aliyapenda zaidi, maana yalifunika mahali penyewe.

Dada yangu mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, aling'oa moja, akalipasua bua lililovimba. Ndani mlijaa vitundu vya hewa. Mizizi ilining'inia, myeusi kama nywele zilizolowa.

"Papa, hii haiko ya huku. Iko gugu maji, masista walitufundishaka. Moja inazalaka mingi, inafunga maji yote. Tuing'oe, tuitoshe mu maji."

"Majani iko majani tu," baba akajibu. "Inatufichia mutumbwi, na weye unataka niitoshe? Masomo imekuharibu kichwa."

Tulicheka. Wazee walituachia methali ya asiyesikia la mkuu. Ya mkuu asiyesikia la mdogo hawakututungia.

Asubuhi risasi zilipoanza kulia mjini, tuliuibua mtumbwi kwa shida, tukapanda. Haukwenda. Magugu yalikuwa yamefungamana pande zote. Baba akarudi majini na panga, maji yakimfika kifuani, akatukatia njia huku dada akisukuma kwa upondo. Tulipofikia maji wazi, risasi zilikuwa zimeshafika kwenye matete. Baba akausukuma mtumbwi kwa mikono yote miwili.

"Mupige kasia! Musiangalie nyuma!"

Niliangalia. Pale alipokuwa amesimama, majani yalikuwa yanajifunga tena. Mpaka leo ninamkasirikia, na ninamlilia, mara nyingi kwa pamoja.

Ng'ambo, mama alianguka mchangani akiomboleza. Dada hakulia. Aliuzunguka mtumbwi, akachomoa kila kipande cha gugu kilichonasa, hata jani dogo kama ukucha, akavipeleka mbali na maji, akaviwasha. Vilikuwa vibichi, moto ukakataa. Akapuliza, akaongeza nyasi kavu, akapuliza tena. Wenyeji walidhani amerukwa na akili. Vilipokwisha kuwa majivu, ndipo alipokaa chini na kumwita baba.