Baba wa Ubatizo wa Mwanangu

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru na viwanda vya minofu vikafunguliwa Mwanza na kila mtu akautaka utajiri wa sangara, mume wangu alifariki akaniacha na mimba na nyumba yetu ya Kirumba. Kabla hatujaanua matanga, mshirika wake wa uvuvi alishachukua mashine ya mtumbwi na nyavu zote. Kisha akaitamani nyumba. Alikwenda kwa mama mkwe wangu, akaahidi ng'ombe, akakubaliwa kunioa.

"Ukimkataa, rudi kwenu," mama mkwe aliniambia.

Nilimchukia yule mwanamume mpaka chakula kikanishinda. Sote tulikuwa Waorthodoksi, ila yeye Jumapili alishinda mwaloni, soko la ufukweni, akipima samaki. Jumapili moja padri alifundisha jinsi sheria za kale za kanisa zilivyosafiri: Wagiriki walizitunga, Wabulgaria na Waserbia wakazitafsiri, Warusi wakazipokea, kila taifa likipewa na jirani yake, hadi nasi tukaletewa kutoka Uganda. Mama mkwe alisinzia pembeni yangu. Padri akatoa mfano: mwanamume akimdhamini mtoto kwenye ubatizo, amekuwa ndugu wa mama yake kiroho. Hawezi kumuoa kamwe, hata mama akiwa mjane.

Mimi usingizi uliniruka.

Nilipojifungua, nilimwita yule mshirika. "Shemeji, mtoto huyu hana baba. Nani amsimamie kanisani kama si wewe?"

"Sasa umeanza kuwa na akili, shemeji," alisema, akaenda kushonesha suti. Siku ya ubatizo aligeukia magharibi, upande wa ziwa, akamtemea shetani mate kama ibada yetu inavyotaka, kisha akampokea mwanangu mikononi. Vigelegele vyangu vilishinda vya wote.

Hazikupita siku nyingi akaenda na mama mkwe kwa padri kuomba ndoa. Nami nilikuwepo, ningekosaje? Padri alimsomea ile kanuni.

"Hiyo ni ya Wagiriki, baba! Sisi Wasukuma inatuhusu nini?"

Mama mkwe, aliyeliogopa kanisa kuliko radi, ndiye aliyemkatiza. "Umekula kiapo kwa mjukuu wangu. Baba gani anamtoa mwanawe ndani ya nyumba?"

Nyumba ikabaki yetu. Mashine hakurudisha, na mimi sijamsamehe wala sina mpango huo. Kila Pasaka nilimpeleka mtoto kwake kuchukua viatu vipya, kama inavyompasa baba wa ubatizo.

"Shikamoo, baba," mtoto alisema.

Nami nilisimama mlangoni mpaka nimsikie akiitikia, "Marahaba, mwanangu."