Namba Ileile Siku Tatu

Kazi yangu ya kwanza kwenye shirika la umeme ilikuwa kushuka kila asubuhi hadi ukingoni mwa bwawa, kusoma kina cha maji kwenye nguzo yenye namba, na kukiandika daftarini. Asubuhi moja ya tope nilinakili tu namba ya jana, nikabaki na chai yangu. Msimamizi alinigundua, na aibu ile nimepanda nayo vyeo vyote hadi kiti cha mtendaji mkuu hapa Dodoma.

Kwa hiyo kiangazi kilichopita, taarifa za bwawa lile lile zilipoleta namba moja siku tatu mfululizo, sikuuliza mtu. Mitambo inavuta maji usiku na mchana. Kina hakiwezi kusimama. Niliingia garini na hasira zangu, nikaenda kumfumania mvivu mwenzangu.

Msoma kina alikuwa mama wa makamo. Hakujitetea. "Karibu bosi," alisema, "twende ukaone."

Tulishuka hadi ukingoni. Nguzo ilikuwa imesimama kwenye udongo mkavu uliopasuka, na maji yalikuwa mbali mbele yake. Siku zote tatu alikuwa ameandika namba ya mwisho kwa sababu chini yake hapakuwa na nyingine.

"Niliomba nguzo ya pili, ya kule chini," alisema. "Nimeandika barua mbili."

"Ulimwandikia nani?"

Alinitazama kama mtu anayenionea huruma.

"Wewe, bosi."