Nilinunua Kiwanja Siku ya Soko, Majirani Hawapo

Naomba wenye ukurasa mnifichie jina, maana Arua ni ndogo na nitajulikana. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, mjane, nina watoto watatu. Nilikimbilia Koboko kutoka Sudan wakati wa vita. Vita vilipoisha wenzangu walirudi, mimi nikabaki, kwa sababu huko sina tena mtu wala nyumba. Nauza nguo, na akiba yangu yote nilitaka inunue kiwanja Pajulu, karibu na Arua, ili watoto nao wawe na kwao.

Pajulu sikumjua mtu. Dalali mmoja, Mzee Ramadhani, Mnubi wa Arua mjini, ndiye aliyenishika mkono. Miezi mitatu alinizungusha nyumba hadi nyumba, tunakaa, tunakunywa chai, na kila mahali anasema, "Huyu iko dada yangu." Nikichoka ananiambia, "Mama, wewe iko haraka ya nini? Kwanza watu najua wewe, halafu nanunua." Moyoni nilimcheka. Nilijiambia mzee huyu anavuta siku ili ale zaidi.

Ndipo mwenye shamba nililolitaka, Candia, akanifuata pembeni. "Dalali ya nini? Kuja siku ya soko, sisi mbili namaliza." Nami nikajiona mjanja! Siku hiyo majirani wote walikuwa sokoni. Tulipima mipaka kwa hatua, mimi na yeye tu, nikalipa, akanipa karatasi. Mzee Ramadhani sikumwambia hata neno.

Kuta zilipofika usawa wa madirisha, kaka yake Candia akaja kunisimamisha. Akasema shamba ni la ukoo, halikuuzwa. Candia mwenyewe alikuwa ameshavuka kwenda Zaire. Kesi ilipofika kwa chifu, aliitazama karatasi yangu, akanirudishia. "Karatasi iko. Lakini mutu gani naliona nyinyi napima?" Majirani niliokunywa chai yao wakatazama chini. Na kweli, hawakuona.

Nikamwita Mzee Ramadhani. Alikuja jamani, na kanzu yake ya Ijumaa. Akasema mbele ya wote, "Huyu iko dada yangu, mimi hapana kataa. Lakini siku ya kupima mimi hapana kuwa. Macho yangu hapana ona." Kisha akaniuliza hali ya watoto. Angenitukana ningepata nafuu. Nililia njia nzima mpaka Koboko.

Chifu amenipa muda mpaka mvua zianze, nilete shahidi. Pajulu nzima inajua mzee huyu hasemi uongo, kwa hiyo neno lake moja lingetosha. Usingizi umeniruka, sina pa kushika. Ndugu zangu mnaosoma, mngekuwa mimi mngefanyaje? Nichukue watoto wangu tuondoke, au niende kumpigia magoti mzee wa watu, aape kwamba aliona jambo ambalo mimi mwenyewe nilihakikisha halioni?