Njia Iliyojazwa Asubuhi

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa Mifumo alinipokea kwa karipio. Ofisi yetu ilikuwa Kawangware, juu ya duka la saruji. "Madam, hapa kitu kinaandikwa mara moja," alisema kabla hata sijapata kiti. "Ukikirudia, nakifuta." Nilimpenda papo hapo, maana hata mimi sivumilii uzembe.

Programu yetu iliwaita wabebaji wa machela kule Kibera, mama mjamzito anaposhikwa na uchungu mahali gari halifiki. Kazi yote ilitegemea fanksheni moja. Fanksheni, kwa ninyi msioandika programu, ni kipande cha programu kinachopewa vitu na kurudisha jibu. Yetu ilitaka vitatu: kijiji, njia na mama. Ukiipa kimoja tu haigomi. Inakurudishia fanksheni mpya inayokikumbuka hicho kimoja na kungoja viwili vilivyobaki. Mama wa chapati pale mtaani Kabiro hufanya hivyohivyo: unga anaukanda asubuhi, lakini kusukuma na kuchoma anamngoja mteja.

Ubishi wetu ulikuwa hapo: tujaze nini mapema, tuache nini? Meneja alitaka kijiji na njia vijazwe asubuhi, ibaki nafasi ya mama peke yake.

"Uchungu hausubiri watu waulizane njia," alisema.

Nilimwambia njia ya Kibera ya asubuhi huenda mchana isiwepo. Lakini bosi ni bosi, ikawa alivyotaka.

Kisha mchana mmoja Lilian, wa kijiji cha Raila huko Kibera, akashikwa na uchungu. Wabebaji wakambeba, na programu ikawapitisha njia ya asubuhi. Kiongozi wao, Odhis, akanipigia simu akihema.

"Madam, hii njia imefungwa! Kuna matanga hapa, tenti imeziba kote!"

Raila, msiba ukitokea, tenti husimamishwa palipo na nafasi, na palipo na nafasi ni njiani. Nani angekumbuka kuiarifu ofisi?

"Rudini mzunguke!"

"Tuzunguke wapi, na mtoto ashaanza kutoka?"

Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu, anasikia kila neno. Akakaa chini, sakafuni. "Nimemuua mama wa watu," alisema. Niliikaza simu sikioni.

Kwenye simu muziki wa matanga ukazimwa. Sauti ya mwanamke ikafoka, "Wanaume wote nje! Leteni leso!" Mabenchi yakaburutwa. Halafu mtoto akalia, na waliokuwa wakiomboleza wakapiga vigelegele.

Meneja akainuka, akajipangusa suruali. "Toa njia hapo," aliniambia. "Jaza kijiji tu. Njia ataijaza Odhis akiwa huko, akiiona kwa macho."

Sasa nimestaafu. Vijana wakiniuliza wajaze nini mapema, nawaambia wajaze kile ambacho hakitabadilika kabla ya jioni, na wanaona nawachosha.

Familia ya marehemu ilimwomba Lilian ampe mtoto jina la nyanya waliyekuwa wakimlilia, Dorsila. Akakubali. Meneja alistaafu kabla yangu, akarudi kwao. Kila nikimpigia simu, hata salamu hatujamaliza, ananiuliza, "Dorsila anaendeleaje?"