Mzee wa Kwenye Jalada

Namshukuru Mungu kwa umri alionipa, ila Jumamosi iliyopita niliutia aibu.

Akinyi, niliyemfundisha Sunday school kule Bondeni, sasa ni mhadhiri. Ameandika kitabu kuhusu namna Wagiriki na Warumi wa kale walivyofikiri na kuabudu. Mama yake akaingiwa na hofu kwamba binti ameacha imani. Basi Akinyi akaniletea kitabu mapema kabla ya sherehe ya kutoa shukrani kwa ajili ya kitabu hicho. "Mwalimu, soma, halafu umweleze mama. Wewe atakuamini."

Sikusoma. Kilikuwa kinene, na maandishi madogo. Nilitazama jalada tu: sanamu ya mzee mwenye ndevu, mkono juu. Nikaridhika.

Siku ya shukrani, nyumbani kwao Kiamunyi, nilishika maikrofoni nikakiinua kitabu. "Mama Akinyi, usiogope. Mwone mtume huyu anavyobariki. Mtoto hajapotea!"

"Amina!" watu wakaitikia. Mama yake akaja akilia kwa furaha, akalibusu jalada.

Akinyi akaninong'oneza, "Mwalimu, kwani ulisoma?"

"Chote," nikasema, mimi mzee wa kanisa.

"Huyo ni Zeu, mungu wa Wagiriki. Habariki mtu, anarusha radi."

Maikrofoni ilikuwa bado mkononi mwangu, na haikuwa imezimwa. Mama Akinyi akapangusa midomo kwa leso, akamgeukia bintiye. "Kumbe ni kweli."

"Mama, sivyo. Muulize mwalimu kitabu kinasema nini."

Wote wakanigeukia.